Joto la Chekeni

Uani kwa Bi Mwanahamisi huingii na viatu. Mtaa wote wa Chekeni ndivyo ulivyo: shimo la chungu lina heshima yake, na anayelisogelea hulisogelea pekupeku, awe waziri, awe muuza chumvi. Kwa hiyo Mwanakheri Shekue, Mshauri Mkuu wa Uchumi wa kisiwa cha Fukutoni, mwanamke ambaye akikohoa tu redioni bei ya sukari inapanda, alivua viatu vyake mlangoni asubuhi ile ya arusi, akaingia uani kwa somo yake, akakanyaga ardhi. Akasimama hapo hapo.

Ardhi ilikuwa vuguvugu.

Haikuwa baridi, la. Mgeni angesema, alaa, mbona patamu hapa. Lakini Mwanakheri kazaliwa Chekeni. Utoto wake wote aliuvuka ua huu kwa kurukaruka, "ashii, ashii," wanawake wakimcheka. Leo nyayo zake zote mbili zilitulia chini kana kwamba amesimama mkekani.

"We, mbona umeganda?" Bi Mwanahamisi alimwita kutoka shimoni. Bibi huyo ndiye aliyemfunda Mwanakheri alipovunja ungo, akamfundisha usafi, adabu na kupika, na mpaka leo alimwita mwari wake mbele za watu bila kujali cheo. "Njoo unishikie kifuniko. Au kusoma sana kumekuvunja mikono?"

Wanawake wakacheka. Mwanakheri naye akacheka, akashika kifuniko. Ndani ya chungu kulikuwa na maharage mekundu ya bara, yale makubwa, yaliyorowekwa tangu jana, maana siku hizi arusi bila maharage ya bara watu wanakusema mwaka mzima. Chungu kikashushwa shimoni, kikafukiwa mchanga, na Bi Mwanahamisi akaupigapiga mchanga kwa kiganja. "Mama, tunakuachia," aliiambia ardhi.

Basi ndiyo imekwisha hiyo. Fukutoni hawawashi jiko. Mlima wa moto umelala chini yao na ardhi ndiyo inayowapikia. Chungu kikishafukiwa asubuhi hakiguswi mpaka adhuhuri, na msichana atakayekifunua kabla, hata kwa kuchungulia tu, ataambiwa hamwamini mama yake. Wapo walioachwa kwa hilo. Na hili Mwanakheri alifundishwa na nani, kama si na huyu huyu bibi aliyekuwa akijifuta mchanga mikononi?

"Somo," alisema polepole. "Siku hizi mkate unaiva vizuri?"

"Unachelewachelewa. Mama anazeeka, kama mimi tu." Bibi akacheka kwa ufizi. "Kwani vipi?"

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na neno lenyewe fupi: Somo, fukueni hicho chungu, kachemsheni maharage hospitali, kwenye majiko ya umeme. Lakini siku ya kusoma Mwelekeo, taarifa ya uchumi ya kila mwaka, ilikuwa imekaribia, na neno likisemwa uani kwenye arusi linafika bandarini kabla chai haijapoa. Akajiambia kwamba vuguvugu bado ni joto. Akajiambia kwamba mkate unachelewa lakini unaiva.

"Basi tu," alisema. "Nauliza."

Adhuhuri chungu kilifukuliwa kwa vigelegele. Maharage yalikuwa yamelainika, yananukia nazi. Bi Mwanahamisi mwenyewe akamletea mwari wake sahani, imejaa mpaka pembeni.

"Nimefunga, Somo."

"Sunna?"

"Sunna."

"Mungu akukubalie, mwanangu." Na sahani ile bibi akaila yeye.

Sasa niseme nini mimi? Mtu anayeamini kwamba chakula ni salama, anakula. Mwanakheri hakula. Akakaa pale kwenye jamvi, tumbo linamnguruma, akiwatazama watu wa kwao wakilamba vidole.

*

Alasiri haijaingia, wakaanza kutapika. Bwana arusi alitapikia kilemba chake. Bi arusi alibebwa na hina yake mbichi mikononi, akaichafua shuka nzima ya hospitali. Wakalazwa ukumbini, wakalazwa korido, wauguzi wakapita na maji ya chumvi na sukari, na kwa rehema za Mungu wengi waliamka kesho yake wakiwa hoi lakini wazima. Bi Mwanahamisi hakuamka. Mwili wa kizee hauna akiba ya maji. Mwanakheri alikuwa amemshika mkono, na bibi alikuwa bado anamwomba radhi kwa kumharibia siku.

Matangani watu walitaka jina la mkosaji, na jina lilikuwa jepesi kupatikana. Nani aliyeuza maharage? Mapunda. Mapunda ni mtu wa bara, alikuja Fukutoni na magunia yake, akafungua duka Chekeni karibu na kisima kikavu, akawa anakopesha watu na kuwafanyia utani. Siku ile hakuna aliyekumbuka utani. Duka lilivunjwa milango, na polisi wakamchukua, wengine wanasema wamemkamata, wengine wanasema wamemwokoa.

Na Mwanakheri je? Huyo ndiye aliyesifiwa. "Mnaona saumu?" wanawake walisema wakimshika mabega, macho yamewavimba. "Mungu kamkinga kwa saumu yake." Shehe naye akalitaja jambo hilo kwenye mawaidha, kwamba vijana waige. Mwanakheri aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Alijichukia, akatoka nje asisikie zaidi.

*

"Mapunda amekiri," alisema Waziri Badawi. "Mwenyewe, bila hata kofi moja. Nimeuliza mara mbili. Sasa wewe unataka nini tena, Bi Mwana?"

Ofisi ya Waziri wa Nishati iko juu kabisa ya jengo la Hazina, na kutoka dirishani unaiona bandari. Asubuhi hiyo makasha yalikuwa yakipakiwa melini, na ndani ya kila kasha mlikuwa na matofali. Si ya kujengea. Tofali la Fukutoni ni jiwe lililoshindiliwa joto la mlima mpaka likashiba, na likishashiba hukaa na joto hilo mwaka mzima bila kufa. Bara wanayatia viwandani, nchi za baridi wanayatia majumbani. Waziri alikuwa na dogo moja mezani, limewekewa birika la kahawa juu.

"Amekiri kwa sababu haelewi," Mwanakheri alisema. "Maharage yale hayakuwa na kosa. Maharage mekundu yana sumu yake ya kuzaliwa, yote, popote duniani. Yakichemka sawasawa sumu inavunjika. Yakipikwa kwa moto wa vuguvugu yanalainika, yananukia, na sumu inazidi. Chungu kile hakikuchemka, Mheshimiwa. Hakikuchemka kwa sababu chini ya Chekeni hakuna tena joto la kuchemsha."

"Vipimo vinasema hivyo?"

"Vipimo vinasema hivyo tangu kaskazi iliyopita. Nilivisoma mimi."

Waziri aligeukia dirisha. Si kwamba hakujua. Walikuwa wameyafanya pamoja, yeye na huyu mama. Mirija mirefu, ile inayoshuka mpaka kwenye mwamba wa moto, hunyonya joto taratibu, na mwamba hulirudisha taratibu. Lakini wanunuzi wakaongeza oda, na mirija mirefu haina haraka ya mtu. Ndipo Mwanakheri, kwa akili yake nyingi, akashauri mirija mifupi: itobolewe karibu na uso wa ardhi, ivute joto lililotulia huko tangu enzi, ya muda tu, mpaka mirefu mipya iwe tayari. Ikatobolewa chini ya Chekeni kwa sababu Chekeni ndiko kulikokuwa na joto jingi karibu. Na kwa sababu, tuseme ukweli, Chekeni hakuna mtu wa kuuliza. Mwelekeo wa mwaka ule ukatoka mzuri kupita yote, uchumi unapanda, mgao wa kila nyumba unapanda. Fukutoni watu wakisikia Mwelekeo mzuri wanaoza mabinti. Arusi ile yenyewe ilipangwa kwa sauti ya Mwanakheri redioni.

"Nisikilize," Badawi alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Kesho kutwa unasoma Mwelekeo. Wanunuzi wote watakuwa wanasikiliza, na mkataba wa miaka kumi uko mezani. Wakisikia kisiwa kinapoa, watasaini? Hawasaini. Na sisi tuna nini kingine? Tuna mashamba? Tuna hata maji? Maji tunayokunywa ni ya mashine, na mashine zinakula matofali na vipuri vya pesa za kigeni. Mchele unatoka nje, dawa zinatoka nje. Soma ulichoandika. Wakishasaini, tunafunga mirija mifupi kimyakimya, tunawagawia Chekeni majiko, tunaita mpango wa afya. Mapunda atasota miezi michache, kisha msamaha, arudi kwao. Nani atakayeumia?"

Na uzito ulikuwa hapo, maana maneno yenyewe hayakuwa ya kipumbavu. Mwanakheri aliyapima. Alitamani mno yawe kweli.

"Mheshimiwa," alisema mwishowe, "mkataba ule unataka matofali mangapi kwa mwaka?"

"Unajua."

"Najua. Nimepiga hesabu mimi. Mirija mirefu haiyafikii hata ukiiombea dua. Tukisaini hatuwezi kufunga mifupi. Tutaongeza. Baada ya Chekeni tutakwenda wapi, mtaa wa Kisimani? Huku mjini?"

Badawi alitazama birika lake. "Mama yangu yuko Kisimani," alisema.

"Najua, Mheshimiwa."

"Basi niachie ya mama yangu." Akasimama kumfungulia mlango, akaonekana mzee ghafla. "Soma ulichoandika, Bi Mwana. Nakuomba. Sikuamrishi, nakuomba."

*

Siku ya Mwelekeo uwanja wa bandari hujaa kuliko Idi. Watu huja na watoto, na kashata, na vigoda. Kina mama wenye mabinti hukaa mbele, wapate kusikia vizuri kama ni mwaka wa kuoza au wa kungoja. Juu ya jukwaa hutundikwa ubao mkubwa wa taa unaoonyesha bei ya tofali bara, na siku hiyo ulikuwa juu, unametameta, na watu walikuwa wakiunyooshea vidole.

Mwanakheri alipanda jukwaani, wakamshangilia. "Bi Mwelekeo! Bi Mwelekeo!" Hata waliofiwa walishangilia. Alisoma ukurasa wa kwanza vizuri kabisa, mauzo ya nje, hali ya bandari. Sauti haikutetemeka. Alisikia bei ikipanda, maana watu waliguna kwa raha wote kwa pamoja.

Kisha akafika kwenye sentensi aliyoiandika kwa mkono wake: hifadhi ya joto la nchi iko imara.

Hakuisoma. Alimwona mama mmoja mstari wa mbele, amembeba mtoto, anaitikia kwa kichwa kumtia moyo, endelea mwanangu, endelea.

"Ardhi ya Chekeni imepoa," alisema Mwanakheri.

Watu wakageukiana.

"Imepoa kwa sababu tumeinyonya. Mimi ndiye niliyeshauri. Tuliweka mirija mifupi tukapata matofali mengi, na nilipoona vipimo vinashuka nikanyamaza, nikawasomea Mwelekeo mzuri. Maharage ya arusi hayakuwa mabovu. Hayakuchemka. Mapunda hana kosa. Watu wa Chekeni, nawaomba, leo msifukie chungu. Kikiwa kimeshafukiwa, kifukueni. Fukueni sasa hivi, msingoje adhuhuri."

Nani alizungumza kwanza? Mwanamke mmoja wa Chekeni, mpika mikate, sauti imepasuka. "Nilisema! Nilisema mkate hauivi! Mume wangu akaniambia mvivu!" Akawa analia, na aliyemkasirikia sijui ni nani, mume au Mwanakheri au ardhi. Baadhi ya watu walianza kukimbia kuelekea Chekeni, viatu mkononi. Wengine hawakwenda popote. Walikuwa wanautazama ubao. Bei ilikuwa inashuka, inasimama kidogo, inashuka tena.

"Sasa tule nini?" alipiga kelele mzee mmoja, wala hakuwa na kejeli. Alikuwa anauliza kweli. "Wewe msomi! Wakiacha kununua, tule nini?"

Mwanakheri alitafuta jibu kwenye karatasi zake, mtu mzima na elimu yake, akazigeuza moja moja.

Waziri Badawi alikuwa nyuma yake na kipaza sauti mkononi. Angeweza kusema kwamba mama huyu amechanganyikiwa kwa msiba. Watu wangemwamini, kila mtu alijua somo yake kafa. Alikishika kile kipaza sauti, akakishika, kisha akakiweka mezani akateremka ngazi za nyuma. Alikwenda upande wa Kisimani.

Kabla jua halijageuka, wanunuzi wawili walikuwa wamejitoa. Madukani mchele ulianza kufichwa. Na cha ajabu, wapo waliompa Mwanakheri mkono alipokuwa anashuka jukwaani. Kijana mmoja wa gazeti alimwita shujaa, akamwomba apige picha. Mwanakheri aliusukuma uso wake pembeni, karibu amwangushe.

*

Mkuu wa kituo cha polisi alishasikia redioni. "Hati ya kumwachia inaandikwa," alisema, hakumwangalia usoni. Binamu yake alikuwa amelazwa kwenye ile korido ya hospitali. "Lakini mtu mwenyewe hataki kusikia. Nimemwambia yuko huru, kanijibu nisimtanie. Kamwambie wewe, mama. Ni wewe uliyeyasema."

Mapunda alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mwanakheri alimkumbuka mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima. Huyu alikuwa amekonda shingo. Alipomwona alijitahidi kusimama kwa heshima.

"Kaa, Bwana Mapunda."

"Shikamoo, mama. Pole na msiba." Hakukaa. "Nilitaka nije matangani, wakanizuia, na wana haki. Mama, mimi nimekwisha fikiri sana. Ni lile gunia la chini. Lile lilikaa karibu na ukuta, na ukuta unatoa unyevu. Nilisema nitalianika, nikasahau. Nimemwua bibi wa watu kwa uvivu wangu. Alikuwa ananiita mkwe, unajua? Kila siku, mkwe, niongezee kidogo."

"Si wewe."

"Ni gunia la chini, mama."

"Hakuna gunia. Maharage yako yalikuwa mazima. Ardhi ilikuwa imepoa, chungu hakikuchemka. Sisi ndio tulioipoza. Nimesema leo mbele ya nchi nzima."

Mapunda alimtazama kama anayesoma maandishi madogo. "Si mimi?"

"Si wewe."

"Hebu sema tena, mama."

"Si wewe, Bwana Mapunda. Hukuua mtu."

Mapunda akakaa chini kwa kishindo, akajifunika uso, akalia kwa sauti bila kuona haya, na Mwanakheri akapiga magoti mbele yake kwa kuwa hakujua afanye nini. Mapunda akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akauweka kwenye paji la uso.

"Mungu akubariki," alisema. "Mungu akulipe. Wewe na cheo chako chote, ukaacha kila kitu kwa ajili ya mtu kama mimi. Nimesikia huko nje wanasema nchi inaharibika. Na bado ukasema. Mungu akubariki, mama yangu."

Mkono ulikuwa na joto mle mikononi mwake. Ingetosha. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua lililobaki. Aliyemletea sahani alikuwa kaburini, na waliobaki walikuwa wanaisimulia saumu ile kwa watoto wao. Uwanjani alikuwa amesema kila kitu kinachohusu mirija, kila kinachohusu vipimo. Angeweza kuinuka sasa hivi na baraka hizi akaenda zake nyumbani, akalala.

"Subiri, Bwana Mapunda. Bado sijamaliza."

Mapunda aliinua uso, bado umelowa, bado unamshukuru.

"Asubuhi ile ya arusi nilikuwa uani," Mwanakheri alisema. "Niliikanyaga ardhi, nikajua. Chungu kilikuwa bado hakijafukiwa, nami ndiye niliyeshika kifuniko. Kilipopakuliwa nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa na njaa, na niliogopa kula. Niliwaacha wao wakala."

Nje karani alikuwa anapiga muhuri. Mapunda alimtazama, midomo inacheza kama mtu anayetaka kuuliza tena, aambiwe kwamba amesikia vibaya. Hakuuliza. Akaishusha mikono yake mpaka mapajani, taratibu, na ilipofika hapo akauachia mkono wa Mwanakheri.